Kinajuaje Goti Lilipo?

Kaingia na mvua, Kundaeli, mgumu wa mlimani,
goti la kulia limevimba kama papai la Kahe.
Kupanda hakukumfanya kitu. Kushuka,
ile njia ya Mweka, ngazi za mizizi na matope,
ndiko kulikomla.
Kaweka noti yenye unyevu juu ya kioo:
"Nipe zile nyekundu. Zile za juzi."

Nikawa nakata karatasi ya vidonge kwa mkasi,
naye akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:
"Hivi, kidonge naingiza mdomoni, kinashukia tumboni.
Kinajuaje goti lilipo?"

Miaka kumi na moja dukani hapa Pasua,
hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikamwambia: kwenu kuna mfongo?
"Upo. Zamu yetu Jumanne."
Basi. Goti lilipoumia, chembe zake zilipasuka
zikamwaga mafuta kidogo. Mafuta tu, hayana neno.
Ila mle ndani mna fundi, jina lake kimeng'enya,
anayapokea, anayafinyanga, yanatoka yakiwa mbiu.
Mbiu ndiyo inayofungua mfereji:
mishipa inatanuka, maji yanafurika shambani,
goti linajaa, linawaka.
Mbiu ndiyo inayonoa neva, hata shuka likigusa unaruka.
Ikifika kichwani inachochea joto, nawe unaita homa.
Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo,
na jambo lenyewe ni hili: tulia, usilikanyage, linajengwa.

Kidonge hakimpigi fundi. Kinamkalia kiti.
Karakana yake ina mlango mwembamba kama wa mzinga;
kidonge kinajipenyeza humo, kinakaa saa sita, nane,
mafuta yanabisha hodi, hayapati pa kupita.
Aspirini ni mkorofi zaidi:
inavunjia ufunguo ndani ya kitasa,
na fundi yule hafungui tena, hadi azaliwe mwingine.

"Sasa, goti?"

Hakijui.
Kundaeli, hakijui goti wala kisigino.
Kinapita na damu kitongoji kwa kitongoji,
kila kinapomkuta fundi kinamkalia.
Na fundi huyo huyo yuko tumboni:
huko mbiu yake inaamuru ute upakwe ukutani
tumbo lisijile kwa tindikali yake lenyewe.
Yuko kwenye figo, anashikilia mfereji uwe wazi
siku maji yanapopungua,
siku kama zile za kule juu, chupa imeganda na mtu ana kiu.

Sikumwambia habari za mama.
Kibosho, msimu wa kahawa, mgongo.
Vidonge vyeupe kwenye fundo la kanga,
viwili alfajiri kabla hajaonja kitu,
miaka. Hakuna aliyehesabu.
Hadi choo kikawa cheusi kama lami
na hospitali wakamtundikia chupa tatu za damu.
Siku ile mgongo ulikuwa haumuumi hata kidogo.
Alikuwa akijisifia hilo.

Nikampa kumi, si ishirini.
Nikasema kunywa mtori kwanza. Kunywa maji.
Siku tatu, basi; na tumbo likikuchoma
usirudi kwangu, nenda kwa daktari.
Akacheka. "Alhamisi napanda tena. Machame. Wadachi wanane."
Mzigo?
"Kilo ishirini," akasema, "pale kwenye mizani,"
akanikonyeza.

Kinafanya kazi, hilo silikatai.
Kameza hapo hapo na chapati ya jirani yangu Nashera,
kasimama kibarazani kungoja mvua ipungue,
na haikupungua upesi.
Nikamwona akilikunja goti, akilikunjua, akilikunja,
uso kama wa mtu aliyesikia ugomvi wa nyumba ya pili umekoma
asijue kama wamepatana.